Msambu Hauoti kwa Ratiba ya Mradi

Januari 1966 Wangari Muta, ambaye dunia ingekuja kumfahamu kama Wangari Maathai, alirejea Nairobi akitokea Marekani. Alikuwa ameondoka Septemba 1960, mmoja wa wanafunzi karibu 300 waliosafirishwa mwaka huo kwa mpango uliopiganiwa na Tom Mboya na kugharimiwa kwa fedha za familia ya Kennedy. Shahada ya kwanza ya biolojia aliisomea katika mji mdogo wa Atchison, Kansas, na ya umahiri akaichukulia Pittsburgh. Alirudi akiwa ameahidiwa kazi ya msaidizi wa utafiti katika idara ya zoolojia ya chuo kikuu cha mjini humo. Alipokwenda kuripoti, akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine.

Kisa hiki amekisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Alibaki bila kazi hadi alipochukuliwa na Reinhold Hofmann, profesa kutoka Giessen, Ujerumani, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo. Yaliyofuata yanajulikana: uzamivu mwaka 1971, Green Belt Movement mwaka 1977, Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Ukiutazama mpango ule uliompeleka Marekani kwa macho ya mtekelezaji, kila kilichoandikwa kilitimia. Nauli ililipwa, ada ikalipwa, shahada zikapatikana. Hatari ilikaa mahali ambapo mpango haukufika: siku ya kurudi. Mtu aliyekuja kuwaongoza wanawake wa vijijini kupanda mamilioni ya miti alikaribia kupotea kwenye mlango wa ofisi moja, na kilichomwokoa ni bahati ya kukutana na mtu mmoja. Taifa haliwezi kutegemea bahati ya namna hiyo kwa kila kijana linayemsomesha.

Leo, hapa kwetu Tanzania, njia za kumfikisha kijana kwenye elimu ya mimea na mazingira ni nyingi kuliko enzi hizo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hukopesha ada, fedha za chakula na malazi ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Ufadhili unaobeba jina la Rais Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwasomesha bure vijana waliofanya vizuri zaidi kwenye masomo ya sayansi kidato cha sita. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kimeshirikiana na Norway kwenye elimu ya misitu tangu masomo hayo yalipoanza Morogoro mwaka 1973, na kati ya 2009 na 2014 mradi mkubwa wa mabadiliko ya tabianchi uliogharimiwa na Norway ulisomesha wanafunzi wa umahiri na uzamivu. Juu ya hayo upo mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu, ambao sehemu yake inapeleka wahadhiri masomoni.

Pekua maandiko ya miradi ya aina hii na utakutana na jedwali lilelile: idadi ya watakaosomeshwa, mwaka wa kuanza, mwaka wa kuhitimu. Jedwali hilo lina haki yake. Fedha za umma na za wafadhili lazima zihesabiwe, na mwanafunzi asiyejua lini atamaliza hawezi kupanga maisha yake. Kasoro ni kwamba hesabu nzima imejengwa juu ya mtu, ilhali elimu anayoisomea imejengwa juu ya kiumbe chenye muda wake. Ufadhili wa wanasayansi wa mimea unapaswa kupangwa kuanzia kwenye mmea: msimu wake, msitu wake, mahali sampuli yake inapohifadhiwa, na kiti atakachokalia mhitimu baada ya kuufahamu. Ukianzia kwenye kalenda ya mfadhili, utapata shahada na ukakosa maarifa uliyoyalipia.

Chukua mti mmoja, msambu. Wataalamu wanauita Allanblackia stuhlmannii, na duniani kote unaota Tanzania tu, kwenye misitu ya Milima ya Tao la Mashariki: Usambara, Nguru, Uluguru, Udzungwa. Ni mti mrefu, na tunda lake ni miongoni mwa matunda makubwa kabisa ya misitu ya Afrika. Likiiva huanguka lenyewe, na watu huliokota chini ili wapate mbegu zenye mafuta mazito yanayoganda, ambayo wenyeji wa Usambara wameyatumia kupikia na kutengenezea sabuni tangu zamani. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha mafuta hayo yatumike kwenye vyakula, baada ya kampuni ya Unilever na washirika wake kuyaona yanafaa kwa siagi ya mimea. Ghafla mti wa msituni ukawa na soko, na vijiji vya Muheza vikawa vinauza mbegu.

Soko likipatikana, swali la kwanza ni la kisayansi: msambu unaweza kupandwa shambani? Hapo ndipo mwanafunzi wa shahada ya umahiri anapoingia, na hapo ndipo ratiba inapomkatalia. Mbegu ya msambu ni nzito kuota. Huchukua miezi sita hadi mwaka na nusu kabla ya kutoa chipukizi, na nyingi huliwa na panya kabla ya hapo. Mche ukishapatikana, hungoja miaka mingi, pengine zaidi ya kumi, ndipo uchanue. Tena msambu una miti dume na miti jike, na mkulima hawezi kujua alichopanda mpaka kitoe maua. Mwanafunzi ana miaka miwili kwa jumla. Mwaka wa kwanza anakaa darasani. Miezi inayobaki agawanye kati ya andiko la utafiti, kibali, kazi ya msituni, uchambuzi na uandishi. Akipanda mbegu siku ya kwanza kabisa ya fildi, huenda muda wake ukaisha bila hata moja kuchomoza.

Kwa hiyo hubadilisha swali. Badala ya kuuliza jinsi mti unavyozaliana, huuliza wanakijiji wana maoni gani kuhusu mti huo. Dodoso linakamilika kwa wiki chache na tasnifu inapita. Utafiti wa namna hiyo una thamani yake, na wanajamii wanastahili kusikilizwa. Lakini mfadhili alilipia elimu ya mimea, na swali ambalo mkulima wa Amani, huko Muheza, alihitaji lijibiwe linabaki pale pale mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kila mwanafunzi mpya anaanza upya na kila mmoja ana miezi ileile michache. Dawa yake si ngumu. Kitalu kimoja cha chuo, kinachotunzwa bila kukatika, kingewawezesha wanafunzi watano mfululizo kusoma miche ileile, kila mmoja akipokea daftari la mwenzake. Gharama zake ni za mtunza kitalu, maji na uzio. Lakini mtunza kitalu hahitimu, hivyo hana safu kwenye jedwali.

Msimu nao una ubishi wake. Tanzania yenye mvua mbili hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Mimea mingi ya chini, okidi na jamii za maua ya muda mfupi huonekana baada ya mvua kushika, kisha hutoweka. Bila ua au tunda, hata bingwa hushindwa kuutaja mmea kwa uhakika, maana majani peke yake hudanganya. Sasa fikiria fedha za utafiti zilizopangwa kutoka Februari zikatoka mwishoni mwa Mei. Kwenye vitabu vya uhasibu hilo ni ucheleweshaji wa miezi mitatu. Msituni ni mwaka mzima uliopotea, kwa sababu ua linalofuata litachanua masika ijayo, na masika ijayo mwanafunzi atakuwa amekwisha kuvuka muda wa ufadhili. Mwanafunzi wa uchumi aliyecheleweshewa fedha kwa miezi mitatu ataumia. Wa mimea atapoteza kazi yenyewe.

Twende naye msituni tuone fedha zinakwenda wapi. Kazi ya kukusanya sampuli huanza alfajiri na kuishia usiku. Mchana ni kupanda mlima, kufunga kamba za eneo la kupimia, kuzungusha tepu kwenye kila shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, na kukata tawi lenye majani, ua na tunda. Rangi ya ua huandikwa hapohapo, kwa sababu likikauka rangi hupotea. Huandikwa pia jina la mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, aina ya udongo na jina ambalo wenyeji wameupa mmea. Usiku ndiyo kazi ngumu. Kila tawi hulazwa kati ya kurasa za gazeti, likabanwa kwa mbao na mikanda, na kwa siku za mwanzo magazeti hubadilishwa kila siku, yenye unyevu yakitolewa na makavu yakiwekwa. Kwenye ukungu wa Uluguru au Usambara, bila jiko la kukaushia, sampuli huota kuvu kabla ya Jumapili. Mkaa wa jiko hilo, magazeti ya zamani, bodaboda ya kutelemsha mzigo hadi barabarani na posho ya mwongozaji: hizo ndizo gharama zinazoamua kama utafiti utakuwapo. Ndizo pia hukatwa kwanza bajeti inapobanwa, kwa sababu haziambatani na risiti nzuri.

Mwongozaji anastahili neno lake. Katika misitu ya Amani nilimsikia binti mmoja wa chuo akimuuliza mzee aliyekuwa akimfungulia njia.

“Shikamoo mzee, samahani, huu nao ni msambu?”

“Marahaba, mwanangu. Ndiyo, ni msambu, lakini huu dume, hauzai. Twende kule bondeni nikakuonyeshe jike.”

Mzee yule alikuwa akitoa darasa ambalo mwanafunzi angelifikia mwenyewe baada ya misimu miwili ya kuvizia maua. Katika Milima ya Tao la Mashariki wapo watu waliojifunza mimea kwa miguu, wakatembea na watafiti wa nchi nyingi, na wakaweza kuitaja mamia ya spishi. Mwaka 2025 mti mpya kwa sayansi, Tessmannia princeps, unaofikia urefu wa mita 40, ulitangazwa kutoka misitu ya Udzungwa, na Watanzania waliokulia karibu na misitu ya aina hiyo walikuwamo katika timu ya uvumbuzi. Mti mkubwa kiasi hicho ulikuwa umesimama kwenye misitu ya hifadhi ya vijiji, na sayansi haikuwa na jina lake. Andiko la ufadhili linalomweka mwongozaji kwenye fungu la vibarua, siku kwa siku, bila jina lake kuonekana popote kwenye tasnifu, linamnyang'anya mwanafunzi mwalimu wake wa kweli, na linamnyang'anya mzee haki yake.

Sampuli ikishakauka inahitaji nyumba. Nyumba hiyo ni hebaria, ghala la mimea iliyobandikwa kwenye karatasi na kupangwa kwa ukoo. Hebaria ndiyo maktaba ya mwanasayansi wa mimea, na ya kwetu ina historia ya kuhamahama. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902. Baada ya vita kuu ya pili utafiti wa Amani ulihamishiwa Kenya, na hazina kubwa ya sampuli ikawa msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi. Sampuli nyingine zilipelekwa Berlin, na Machi 1943 hebaria ya Berlin ilishambuliwa kwa mabomu ikateketea, ikiondoka na sampuli nyingi za mwanzo ambazo majina ya mimea yetu yalitegemea. Nyingine ziko Kew, London. Tanzania ina hebaria yake ya taifa Arusha, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ya Lushoto.

Hii ina maana kwamba kijana wa Korogwe anayetaka kuthibitisha jina la mmea wa Usambara huenda akahitaji nauli ya Nairobi, au angalau intaneti yenye nguvu ya kutosha kufungua picha kubwa za sampuli zilizoko Ulaya. Ni mara ngapi ufadhili hutenga fungu hilo? Kitabu kikuu cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, Flora of Tropical East Africa, kilianza kuchapishwa mwaka 1952 na sehemu za mwisho zikatoka mwaka 2012. Zaidi ya spishi 12,000 zimeelezwa humo. Ni miaka 60 ya kazi, na wengi walioianza hawakuiona ikiisha. Kazi hiyo ilikamilika kwa sababu hebaria zilikuwa na wahifadhi wenye ajira ya kudumu, waliopokezana. Mradi wa miaka minne unaomsomesha mtaalamu wa uainishaji wa mimea bila kuacha chochote kwa hebaria yake unamrudisha kwenye chumba chenye makabati yaliyojaa, wadudu wanaokula karatasi, na mhifadhi anayekaribia kustaafu bila mrithi.

Hakuna sababu ya kukata tamaa, maana mfano mzuri upo karibu. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Natal, Afrika Kusini, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kilianzisha kituo cha kuwafunza wazalishaji wa mbegu wa Afrika, ACCI, kwa fedha za mwanzo za wakfu wa Rockefeller na baadaye za AGRA, shirika la kuendeleza kilimo Afrika. Mpangilio wake ni huu: mwanafunzi wa uzamivu hukaa Pietermaritzburg takriban miaka miwili akisoma na kuandaa utafiti, kisha hurudi nchini kwake kwa miaka mitatu kufanya utafiti kwenye zao la kwao, katika mashamba ya taasisi inayomwajiri. Wasimamizi wake humfuata huko. Miaka mitatu ya shambani inampa misimu ya kutosha, hata mmoja ukiharibiwa na ukame bado ana mingine. Mhogo anaousoma ndio utakaoliwa na jirani zake. Na siku ya kuhitimu haina swali la kurudi, maana kiti chake hakikuondolewa. Wahitimu wake wengi mno wamebaki barani, wakizalisha mbegu za mahindi, mihogo, mpunga na kunde katika vituo vya nchi zao. Mpango huo ulianza na zao na kituo cha utafiti, ndipo ukamtafuta mtu.

Kwa wanaosomea mimea ya porini na mazingira hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mwajiri wao hajulikani waziwazi. Mhitimu wa botania anapofungua matangazo ya ajira serikalini hukuta yanataja shahada ya misitu, wanyamapori au kilimo, na somo lake halipo. Anaishia kufundisha sekondari, kazi njema yenye heshima, au kuacha fani kabisa. Nyumbani wazazi waliouza ng'ombe kumalizia ada wanauliza majani aliyoyasomea yatalisha nini. Ndiyo maana vijana waliofaulu vizuri baiolojia na kemia hukimbilia udaktari na ufamasia. Ufadhili unaotolewa kwa ufaulu peke yake, bila kutenga nafasi kwa fani hii, utaendelea kuwapeleka huko, na hakuna wa kuwalaumu.

Lakini kazi ipo, tena imeandikwa kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kila halmashauri iwe na ofisa wa usimamizi wa mazingira, aliyeteuliwa au kuajiriwa. Miradi mikubwa haianzi bila tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini isiyo na mtu wa kuitambua mimea ya eneo husika ni karatasi tupu. Biashara ya kaboni, iliyowekewa kanuni mwaka 2022, inahitaji watu wa kupima miti kwa uaminifu, kwa sababu fedha zinazofika kijijini zinategemea vipimo hivyo. SUA yenyewe ina kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, kilichotokana na ushirikiano uleule wa miaka mingi na Norway. Hayo yote ni malango. Kinachokosekana ni makubaliano, yaliyosainiwa kabla mwanafunzi hajaanza masomo, kati ya anayesomesha na atakayeajiri.

Mambo manne yangebadilisha matokeo, na hakuna hata moja linalohitaji fedha mpya nyingi. La kwanza, fedha za utafiti wa mimea zitolewe kabla ya mvua, na tarehe ya kutolewa iandikwe kwenye mkataba kwa jina la msimu wake. Zikichelewa na msimu ukapita, muda wa mwanafunzi uongezwe bila kuombewa huruma. La pili, kila ufadhili utenge sehemu kwa ajili ya vitu vinavyobaki: kitalu, hebaria, kabati, na mafunzo kwa mhifadhi. La tatu, mwongozaji wa msituni aajiriwe kwa mkataba wa muda wote wa utafiti, na mchango wake utambuliwe kwa jina kwenye tasnifu na kwenye kila chapisho, kwa ridhaa yake. La nne, halmashauri zenye misitu, kuanzia Muheza na Lushoto hadi Kilolo na Mlimba, ziwe mezani tangu siku ya kuandika mradi, zikitaja nafasi zitakazojazwa.

Na kipimo cha mafanikio kibadilike. Ripoti ya mwisho inayosema wanafunzi kumi wamehitimu imejibu swali la mhasibu. Miaka mitano baadaye mfadhili arudi na kuuliza wangapi kati ya hao kumi bado wanafanya kazi ya mimea, sampuli zao zimehifadhiwa wapi, na swali gani la mkulima au la mhifadhi wa msitu limepata jibu kwa sababu yao. Safari hiyo ya ukaguzi iwekewe fedha tangu mwanzo, maana mradi ukishafungwa hakuna anayeikumbuka. Chuo kitakachojua kwamba kitaulizwa hivyo kitachagua wanafunzi kwa uangalifu zaidi, kitatunza kitalu chake, na kitagombana na hazina kuhusu tarehe za mvua. Nchi yenye misitu ambayo bado inaweza kuficha mti wa mita 40 inahitaji vyuo vyenye ugomvi wa namna hiyo.